Ng'ombe Hakuwa na Kidonda

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mtoto wa Suneka niliyeolewa upande wa Nyaramba, kule Nyamira. Kazi yangu ni cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Sokoni wananiita Mdomo, na sikatai! Mteja akiniletea kitambaa kibovu namwambia palepale, hata kama ni mke wa mchungaji.

Sasa niambieni... mtu wa mdomo kama wangu alishindwaje kusema neno moja dogo, mahali ambapo neno hilo lingeokoa roho ya mtu? Swali hili linanitafuna. Naandika kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Nilipoolewa, mama mkwe alikuwa ameshafariki. Niliyemkuta ni baba mkwe, Mzee Makori. Nilimwita Tata, ndiyo baba kwa Kikisii. Mume wangu, Ombati, ni mwashi Nairobi, na nyumbani huja Desemba. Kwa hivyo boma lile lilikuwa letu watu watatu: mimi, binti yangu Kerubo, na Tata katika nyumba yake ng'ambo ya ua.

Kama wewe si mtu wa kwetu, ngoja nikueleze jambo. Sisi tuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Mimi siingii chumba anacholala. Yeye havui shati nikiwa karibu. Si chuki, jamani! Ni adabu, na mimi niliipenda. Tata alipotaka kuja upande wangu alisimama kwanza kwenye ua wa miti, akakohoa mara mbili: khm, khm. Nikijua ni yeye, nafunga leso vizuri, naweka chai kwenye kigoda, narudi nyuma. Ndipo anaingia.

Miaka yote hiyo hatukugusana hata kidole. Na bado nawaambia, hakuna mtu aliyenipenda katika ndoa ile kama yeye. Nilipougua malaria, kila asubuhi nilikuta mlangoni kichane cha ndizi mbivu. Ndugu zake walipoanza maneno yao, ati nimezaa mtoto mmoja tu tena msichana, Tata aliwaambia mbele yangu kwamba Kerubo anamtosha, na mwenye shida arudi kwake. Nililia siku hiyo kwa furaha.

Kisha akaanza kuanguka.

Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya majani ya chai. Akainuka, akasema ni jua. Mara ya pili ilikuwa kanisani, siku ya Sabato, amesimama akiimba besi. Alianguka juu ya benchi, na wimbo ukakatika. Tukampeleka Kisii, na wao wakatutuma hospitali kubwa zaidi. Tukaambiwa moyo wake unapiga polepole mno, mara nyingine unasahau kupiga kabisa. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, chenye waya unaofika moyoni, kiushtue kila unapochelewa.

Ombati alisema kwa simu hawezi kuacha kazi. Dada yake, Kwamboka, ana duka kule Nyamarambe, naye akasema hana wa kumwachia duka. Basi nikaenda mimi.

Na niseme wazi ili mtu asinielewe vibaya: kile kifaa kilifanya kazi! Tata aliyeingia pale akiwa rangi ya majivu alitoka akiwa na uso wa mtu. Vidole vyake vilipata joto. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakacheka.

Tatizo lilikuja siku ya kuruhusiwa. Daktari aliingia na muuguzi, na muuguzi akasema kwa Kiswahili, mzee vua shati tuangalie kidonda, halafu tuwaeleze ya kufuata nyumbani. Tata akaniangalia. Mimi nikamwangalia... kisha nikaushika mlango mbio!

Hakuna aliyenifukuza. Miguu ilijua yenyewe. Nilisimama koridoni nimeelekea ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, nikisikia sauti ya daktari ndani ikinguruma, maneno siyasikii. Nikajiambia wataniambia wakimaliza. Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa tayari anaelekea wodi nyingine. Nikamuuliza Tata, wamesemaje?

"Wamesema nimepona," akanijibu.

Kiswahili cha Tata kilikuwa cha kusalimia na kununua chumvi. Alichosikia mle ndani, Mungu ndiye anajua. Wazee wetu wakisemeshwa na daktari hujibu "Ndiyo, daktari" kwa kila kitu, ni heshima yao. Yule muuguzi alipita karibu nami kabisa. Ningemshika mkono wa sare! Ningemwuliza, dada, umemwambia nini mzee wangu? Lakini Tata alikuwa amesimama pale, na mimi niliona aibu kutaja kifua chake mbele yake. Nikabeba mfuko, tukaenda zetu.

Nyumbani tulifanya shukrani. Watu walikula, kwaya ikaimba, Tata akaimba besi. Baada ya wiki chache akarudi kwenye chai yake, kikapu mgongoni, kamba ikipita juu ya bega lilelile la kidonda. Nikamwambia apumzike kidogo. Akacheka, akasema sasa ana moyo wa trekta. Ningejua vipi kwamba kamba ile ilikuwa inamsugua ngozi? Hayo yalisemwa mle chumbani, mimi nikitazama ukuta.

Kwanza likaja koti. Jua la adhuhuri, watu wanatoka jasho, Tata amefunga koti mpaka shingoni. Halafu akaanza kufua mashati yake mwenyewe.

Hapo nilikasirika, siwafichi! Kwetu, mjane mzee akifua mashati na mke wa mwanawe yupo bomani, ni kama amenichapa kofi mbele ya watu. Majirani waliona, wakaniuliza kwa kicheko kama siku hizi sabuni imeniisha. Nilipiga masufuria jikoni kwa hasira. Nikadhani Kwamboka amempelekea maneno juu yangu.

Siku moja nilipita kwenye kamba yake ya nguo nikalishika shati lake jeupe la Sabato. Mimi ni fundi, macho yangu huanza na kola. Upande wa kushoto, kutoka kola mpaka mfukoni, palikuwa na doa la buluu lililokataa kutoka. Buluu ile naijua. Kila boma lenye ng'ombe lina kopo lake, ile dawa ya kupulizia vidonda vya mifugo. Nikatabasamu. Kumbe Tata anatibu ng'ombe, amechafua shati, anaona haya kunipa! Hasira zikaniisha.

Lakini jioni nilikwenda kukamua. Ng'ombe yule ni mimi ninayemkamua kila siku, kichwa changu kikiwa ubavuni mwake. Namjua mwili mzima. Nikamtazama mgongo, nikamtazama kwato, nikamtazama chuchu...

Ng'ombe hakuwa na kidonda.

Wasomaji, niliacha kukamua. Nilijua! Msinihurumie kwa kudhani sikujua. Nilikaa pale na ndoo katikati ya magoti, nikajua kabisa dawa ile inapulizwa wapi. Halafu nikaendelea kukamua. Ningemwambia nini? Tata, fungua shati? Mimi, omokamwana, mke wa mwanawe?

Ikaja harufu. Ilikuwa kama ya nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria. Kanisani waliokaa karibu naye walisogea kidogo, kisha kidogo tena, mpaka yeye mwenyewe akahamia benchi la mlangoni. Alikuwa anakuja kuchukua chai yake, anakohoa mara mbili, lakini sasa haingii. Anasubiri nimletee kigoda mpaka nje kwenye upepo.

Kerubo akaniambia, "Mama, babu hataki nimkumbatie siku hizi. Ananisukuma na mkono."

Hapa ndipo naumia zaidi. Kwetu babu na mjukuu hawana chinsoni. Wanataniana, Kerubo alikuwa anamwita bwana yangu na kumchana nywele akicheka. Mtoto yule angeweza kumwambia, babu nionyeshe kifua, na babu angeonyesha! Adabu yetu yenyewe ilikuwa imeniachia mlango huo wazi, na mimi sikuuona. Nilimwambia Kerubo amwache babu yake, ni mzee, amechoka.

Nilimpigia Ombati simu. Nikamwambia baba yako ana kidonda kifuani, ananuka, njoo. Mwanzoni alicheka. Kisha sauti ikabadilika.

"Kwani wewe una shida gani na kifua cha baba?"

Hivyo tu. Nilihisi kama ametema mate usoni mwangu. Akaniambia atakuja Desemba, mambo ya wanaume ataangalia mwenyewe. Nikakata simu, nikaapa sitalitaja tena. Basi, Mdomo akafunga mdomo!

Sabato iliyofuata nilivaa, Kerubo akatangulia na watoto wa kwaya, nami nikabaki nikisubiri kikohozi cha Tata kwenye ua, kwa sababu alipenda nimtangulie kidogo njiani. Nikasubiri... Kimya. Nikaenda mpaka mlangoni kwake, nikaita. Akaniitikia kutoka chumbani kwa sauti ambayo haikuwa yake, akasema nenda, nitakuja. Na katikati ya maneno nikasikia meno yakigongana.

Nilikimbia barabarani kutafuta mwanamume yeyote. Kijiji kizima kiko kanisani! Nikapiga kelele, nikasikia mbwa tu. Nikarudi. Nikasimama mbele ya pazia la chumba chake, mahali ambapo sikuwahi kufika tangu niolewe.

"Tata, naingia."

"Mama Kerubo, usiingie," akasema. "Nakuomba, mwanangu, usiingie."

Nililishika lile pazia. Sijui nilisimama muda gani. Mungu wangu, mimi ambaye sijawahi kuogopa mtu sokoni! Kisha nikaingia.

Alikuwa amejikunja na koti lake na blanketi juu, mwili ukiwaka kama jiko. Nikamfungua koti. Nikamfungua vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine. Ngozi ilikuwa imepasuka. Kote kulikuwa buluu, na usaha, na katikati yake kona ya kile kifaa imechungulia nje, inang'aa.

Tata hakufunika kidonda. Alifunika uso, kwa mikono yote miwili.

"Umeniona," akasema. "Umeniona, mwanangu." Akaanza kulia. Sikuwahi kumsikia mzee yule akilia, hata watu walipomzika ndugu yake.

Mara ya kwanza kumgusa baba mkwe wangu ilikuwa kumbeba mgongoni mpaka barabarani. Alikuwa mwepesi! Jirani mmoja aliyechelewa ibada alitupata pale na pikapu yake ya majani ya chai, akatukimbiza Kisii.

Daktari aliyetupokea alieleza kwamba vijidudu vimeingia penye kidonda, vimefuata waya mpaka moyoni, sasa viko kwenye damu. Ni lazima kila kitu kitolewe, kifaa na waya wake. Kisha akauliza, kwa hasira ya mtu aliyechoka, kama hatukuelezwa. Wekundu, uvimbe, joto, usaha, homa, kizunguzungu kurudi, mje mara moja! Asipake kitu chochote! Asibebe mzigo upande ule mpaka aambiwe! Kila neno nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Akaniuliza nilikuwa wapi yakielezwa. Nikasema koridoni. Akauliza kwa nini. Hakuwa mtu wa kwetu, ningeanzia wapi?

Tata alipelekwa hospitali ile kubwa kutolewa kile kifaa, wakampa kingine cha muda cha kuushika moyo, kisha akarudishwa Kisii kuendelea na dawa. Kwamboka alifika. Aliniuliza ni nani aliyemvua baba shati. Nikamwambia ni mimi, tena nilisema kwa kujivunia, nikitegemea ahsante. Uso wake ukabadilika.

Siku ya soko ilipofika, Nyaramba yote ilikuwa na habari. Kila mdomo uliongeza chumvi yake. Ati nilingoja watu waende kanisani. Ati nilimvua nguo zote. Kwaya ikachukua kitambaa chake kwangu bila kushonwa. Kisha Ombati akaja, hakusubiri Desemba tena! Hakuniuliza baba yake anaendeleaje.

"Uliingia chumbani mkiwa wawili tu?"

Nikamwambia baba yako alikuwa anaoza! Nikampigia kelele mpaka majirani wakatoka. Akasema mwanamke mwenye adabu angeita mtu. Nimwite nani? Mbwa? Akasema niende kwetu Suneka kwanza, mpaka wazee waseme vile jambo lile litasafishwa. Kerubo abaki kwa sababu ya shule. Nilibeba cherehani yangu kichwani, na mtoto akalia nyuma yangu mpaka kona.

Kule Suneka nilikodi chumba sokoni, nikangoja kitu kimoja tu: neno la Tata. Sentensi moja kutoka kwake ingemaliza maneno yote. Aseme tu, mke wa mwanangu aliniokoa. Niliamka kila siku nikidhani leo atasema. Kimya. Suneka na Kisii ni pua na mdomo, ningeweza kwenda kumwona na kurudi kabla chai haijapoa. Sikwenda. Nilimkasirikia, jamani! Nikasema kumbe hata yeye ananionea aibu. Basi akae na aibu yake.

Kisha simu ikalia. Tata amefariki. Vijidudu vilishinda dawa.

Nilimzika nikiwa nimekaa nyuma ya wanawake wote, kama mgeni. Watu walipoanza kuondoka, Kwamboka alinifuata kwenye migomba. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Akaanguka chini akalia, na haya ndiyo aliyoniambia.

Baada ya kifaa kutolewa, kidonda kilitakiwa kusafishwa kila siku. Wauguzi wa wodi ile walikuwa wasichana, umri wa kuwa wake za wanawe. Tata alishika shuka kwa mikono miwili, akakataa. Wakambembeleza, akakataa. Siku nyingine walimshika kwa nguvu, siku nyingine waliacha. Na kila siku alikuwa anasema neno moja kwa Kwamboka.

"Mwiteni mke wa Ombati. Yule ameshaniona."

Kwamboka hakuniita. Aliogopa watu watasema nini wakiniona pale. Alikuwa anamdanganya baba yake kwamba niko njiani nakuja. Na Tata, mgonjwa vile, kila mtu akikohoa koridoni alikuwa anainua kichwa kutazama mlango.

Alikuwa ananingoja! Na mimi niko Suneka nimenuna, nangoja yeye!

Sikumpiga Kwamboka. Sikumtukana. Nilikaa naye chini pale kwenye migomba mpaka leso zetu zikaloa udongo.

Ombati alikuja Suneka baadaye na wajomba zake, na mbuzi wa kusafisha jambo, wakaomba radhi. Mbuzi nilikubali, kwa ajili ya Tata. Kerubo nilimchukua. Kuhusu kurudi kwenye boma lile, bado sijamjibu, na asinisukume.

Siku nyingine nikiwa kwenye cherehani nasikia nje ya mlango: khm, khm. Mguu wangu unaacha kukanyaga. Nafunga leso vizuri, natazama. Hakuna mtu. Kerubo ananiuliza, mama unamfungia nani leso?

Wasomaji wenzangu, siwaambii mkatae kifaa cha moyo. Kilimrudisha Tata kuimba! Wala siwaambii mtupe heshima zetu. Nawaomba hivi tu: mgonjwa wako akiruhusiwa, na adabu ikikutoa chumbani, ngoja mlangoni na umshike muuguzi nguo akitoka. Muulize mpaka akuone mjinga. Kisha mtafute katika boma lenu yule ambaye heshima inamruhusu kutazama, awe mjukuu, awe rika lake, atazame kidonda na akuletee habari. Na kama hakuna mwingine ila wewe, ingia. Watasema, waache waseme. Mimi nilichelewa kuingia, halafu nikachelewa kurudi.

Na ukiona buluu kwenye kola ya mzee wako, usipoteze muda kumtazama ng'ombe. Mtazame mzee.